Utando kinga wa chuma ni nini?
Utando kinga ni tabaka la oksaidi (muungano wa chuma na oksijeni) linalojijenga lenyewe juu ya chuma na kukitenga na kimiminika kinachotaka kukila. Ni mwembamba mno, nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Kwa macho huuoni.

Tumbukiza msumari katika asidi ya naitriki iliyozimuliwa: unaliwa huku ukitoa mapovu. Katika asidi hiyo hiyo ikiwa kali sana, msumari unatulia. Mwanakemia James Keir alieleza jambo hili mwaka 1790, na mwaka 1836 mwanasayansi Michael Faraday akasema chanzo lazima kiwe utando wa oksaidi. Asidi kali huoksidisha kwa nguvu sana, hivyo atomi za juu za chuma hugeuka oksaidi upesi kuliko asidi inavyoweza kuiyeyusha. Njia inafungwa. Ukiukwaruza utando, chuma kinaweza kuanza kuliwa tena papo hapo.

Kutu nayo ni oksaidi ya chuma yenye maji ndani yake, ila inajijenga vibaya: chuma huyeyuka kwanza, kisha kutu ikatuama juu yake ikiwa na vinyweleo. Maji na oksijeni vinaendelea kupita.

Hapa Mwanza utando huu unafanya kazi kubwa ndani ya zege, katika nyumba za Nyegezi na katika nguzo za daraja la Kigongo–Busisi. Saruji huyafanya maji yaliyomo ndani ya zege kuwa na pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12.5 hadi 13, yaani alkali kali, na katika hali hiyo utando wa nondo hudumu. Adui zake wakubwa ni wawili. Kloridi, iliyomo katika chumvi ya bahari, huutoboa, na ndiyo inayowasumbua wajenzi wa pwani; Ziwa Victoria ni la maji baridi, kwa hiyo hatari hiyo kwetu ni ndogo. Wa pili ni kabonidayoksaidi ya hewani, inayopenya polepole na kuishusha pH hadi chini ya 9. Utando ukifa, kutu huvimba na kulipasua zege.

Ndiyo maana inaniuma kuona nondo zimelazwa juu ya mbao bila biskuti, yaani vipande vidogo vya zege vya kuziinua. Zege litakalozifunika upande wa chini litakuwa jembamba, na hewa itazifikia mapema. Mwambie fundi aziinue kabla zege halijamwagwa.