Kubadilisha safuwima za tarehe na saa: maana yake nini?

Katika programu za kuandaa data, kubadilisha safuwima ya tarehe ni kuitoa kwenye hali ya maandishi matupu na kuifanya kuwa wakati unaohesabika. Yakiachwa kama maandishi, "10/01/2024" hutangulia "9/01/2024" ukiyapanga, kwa sababu tu 1 iko mbele ya 9. Wala huwezi kutoa moja kwenye nyingine ukajua zimepishana siku ngapi.

Tarehe halisi, kwa ndani, ni namba. Excel huhesabu siku kuanzia Januari 1, 1900, hivyo Januari 1, 2024 ni 45292. Saa ni sehemu ya siku: 45292.75 ni saa kumi na mbili jioni ya siku hiyohiyo. Mifumo mingine mingi huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Ukifungua faili ukakuta namba za tarakimu tano au kumi mahali pa tarehe, usidhani data imeharibika. Inasubiri kuambiwa ni ya aina gani.

Kazi yenyewe hasa iko kwenye mpangilio. "03/04/2024" ni Aprili 3 au Machi 4? Marekani huanza na mwezi, Uingereza huanza na siku, na programu kwa kawaida hufuata mipangilio ya eneo iliyomo kwenye kompyuta. Sasa chukua faili lililoandikwa siku kwanza, ulifungue kwenye kompyuta iliyowekwa Kimarekani. "25/04/2024" itakataliwa, maana hakuna mwezi wa 25. "03/04/2024" itapita bila neno, ikiwa Machi 4. Wengi hufuta mistari iliyokataliwa na kuendelea na kazi, kumbe iliyokataliwa ndiyo iliyokuwa ikisema ukweli: hata iliyopita imegeuzwa kichwa chini. Dawa ni kutaja mpangilio wa chanzo wakati wa kubadilisha. Power Query, kwa mfano, zana ya kuandaa data iliyomo ndani ya Excel, ina chaguo la kubadilisha aina kwa kutaja eneo data ilikotoka. Ukiwa na uwezo juu ya chanzo, omba tarehe ziandikwe kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, yaani mwaka, mwezi, kisha siku: 2024-04-03.

Programu nyingine hukimbilia kubadilisha hata pasipoombwa. Jeni ya binadamu iliyoitwa SEPT1 iligeuzwa na majedwali ya Excel kuwa tarehe ya Septemba mara nyingi mno, hadi wasimamizi wa majina ya jeni wakatangaza mwaka 2020 kwamba itaitwa SEPTIN1.

Aina ikishakuwa sahihi, yanayobaki ni mepesi: kuchomoa mwaka, robo ya mwaka au siku ya wiki kwenye safuwima mpya, au kupata muda kati ya tarehe mbili. Ile ya awali iache ilivyo.

Ila chunga utaratibu kwenye saa. Tukio la Aprili 30 saa 22:30 UTC (saa ya kimataifa ya marejeo) tayari ni Mei 1 mahali palipotangulia kwa saa tatu. Ukikata saa kwanza ubaki na tarehe tupu, kisha ndipo ukumbuke ukanda wa saa, tukio hilo litahesabiwa kwenye mwezi usio wake, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Hamisha ukanda kwanza, ndipo ukate.