Mkataba haungoji kura yako

"Wakili, hii mikataba ya ziwa wanayotia saini huko nje, sisi wa Dunga tutaipigia kura lini?"

Mama huyu muuza samaki alikuja ofisini kwangu hapa Kisumu kwa kesi ya shamba. Swali hilo aliliuliza akiwa ameshasimama mlangoni, kikapu mkononi. Ni mtu wa nne mwezi huu. Hamtaipigia, mama.

Dhana hii kwamba kila mkataba wa kimataifa lazima uletwe kwenye kura ya maamuzi inaniudhi kuliko zote, kwa sababu watu wanakaa wakingoja siku isiyokuja, na muda wao wa kutoa maoni unapita. Kifungu cha 2(6) cha Katiba kinasema mkataba ukisharidhiwa unakuwa sehemu ya sheria za Kenya. Njia ya kuridhia iko kwenye sheria ya mikataba ya 2012: Baraza la Mawaziri, kisha Bunge la Kitaifa, na kamati husika inalazimika kusikiliza wananchi. Mkataba wa soko huru la Afrika ulitiwa saini Kigali Machi 2018, Kenya ikauridhia Mei. Hakuna aliyepanga foleni kituoni kupiga kura. Pa kusemea ni kwenye kamati. Na usiandike "tunapinga" tu! Taja kifungu unachokikataa, andika maneno unayotaka yawekwe badala yake, mpelekee Karani wa Bunge kabla ya tarehe iliyotangazwa. Ukurasa mmoja unatosha.

Kijana mmoja alinionyesha kwenye simu kwamba Ayalandi waliukataa Mkataba wa Lisbon, ule wa Umoja wa Ulaya, Juni 2008, wakaukubali Oktoba 2009. Kweli, ila walichopigia kura ni marekebisho ya Katiba yao ili mkataba uweze kuridhiwa. Kwetu pia, mkataba ukigusa mambo ya Kifungu cha 255, kama mipaka ya nchi au mamlaka ya wananchi, tuseme shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki, unatakiwa mswada wa kurekebisha Katiba. Ukipata theluthi mbili katika Bunge la Kitaifa na Seneti, rais anaiomba tume ya uchaguzi, IEBC, iandae kura ya maamuzi ndani ya siku 90.

Wengine huniambia kuhusu kura hiyo ya maamuzi: "Tukisusia, kura inaharibika." La. Kinachotakiwa ni asilimia 20 ya waliosajiliwa wajitokeze katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Kisumu nzima ikibaki nyumbani, nyingine zinatosha.

Wengine nao: "Nilitia saini ile karatasi ya kurekebisha Katiba, kwa hivyo nimeshapiga kura." Saini milioni 1 ni za kuanzisha mswada wa wananchi, nao hupitia kwanza mabunge ya kaunti. Hata aliyetia saini anaweza kupiga La.