Chumvi haijaila modemu yako

Msimu wa korosho ukikaribia, simu huanza: "Fundi, modemu ya seva imekufa, imeliwa na chumvi." Modemu ni kile kidude cha USB chenye laini ya simu, kinachoiletea intaneti seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi. Anayepiga yuko Shangani mjini Mtwara, mwingine Mikindani, maneno ni yale yale. Nimeyasikia hata kutoka Newala, juu kwenye Uwanda wa Makonde, mbali kabisa na bahari.

Chumvi hula vyuma vya USB, sikatai. Lakini modemu iliyoliwa mpaka ikafa, seva haiioni. Ya kwenu inaonekana, imepiga *99#, namba ya kuita intaneti, imepewa anwani ya IP, yaani namba yake mtandaoni, na ppp0, jina la njia ya modemu ndani ya seva, iko hewani. Chumvi imeingiaje hapo?

Kwenye seva za Linux ninazoitiwa, kosa huwa ni getiwei, yaani anwani ya mlango ambao data hupitia kwenda nje. Aliyeifunga seva alijaza 192.168.1.1 kwenye kadi ya mtandao wa ndani, eti kwa sababu nafasi ilikuwepo. Modemu ikiunganika, pppd, programu inayopiga modemu, inakuta njia kuu ipo tayari, haiigusi. Fungua logi utasoma: "not replacing existing default route". Basi data zote zinasukumwa kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta za ofisi, ambako hakuna wa kuzifikisha popote, na modemu imekaa bure. Andika ip route, amri ya kuonyesha njia. Mstari wa default, yaani njia kuu, ukitaja eth0, ile kadi ya mtandao wa ndani, badala ya ppp0, mchawi umeshampata. Futa getiwei hiyo, acha patupu, kata, piga upya. Nawasihi, fanyeni hivyo kabla ya kutoa hela ya chama cha ushirika kununua modemu nyingine!

Getiwei inajazwa kwenye kompyuta za makarani, na huko iwe anwani ya seva.

Yapo na mengine ninayoambiwa. "Seva inapata intaneti, basi ofisi nzima inapata." Hapana. ip_forward, mpangilio wa seva kupitisha data za wengine, iwe 1, na uweke kanuni ya MASQUERADE, ya kuzitoa kwa anwani ya seva, kwenye ppp0. Bila hivyo seva inakula peke yake.

"Taa imetulia, intaneti ipo." Taa inasema modemu imeunganika na mnara. Bando likiisha bado itawaka.

"Imeandikwa 7.2, mbona faili la megabaiti 7 halishuki kwa sekunde moja?" Hizo ni megabiti. Gawa kwa 8 upate megabaiti 0.9, tena mnara ukiwa mtupu, na hapo mnagawana ofisi nzima.

Na modemu msiichomeke nyuma ya seva, chini ya meza, ndani ya nyumba ya bati. Nunueni waya wa USB wa kurefushia, usizidi mita 5, muiweke dirishani upande wa mnara.