Bahari Hii ni ya Wapi? Dhana Potofu Kuhusu Kuhariri Picha za Bahari

Mzee mmoja mvuvi wa Mji wa Kale, Mombasa, aliwahi kuishika simu yangu, akaitazama picha niliyoipiga ufuoni Nyali asubuhi moja ya msimu wa upepo wa kusi. Akaniuliza, "Mwanangu, bahari hii ni ya wapi? Maji ya kusi hayawi hivi." Nilikuwa nimeyakoleza mpaka yakawa buluu ya ndoo ya plastiki. Niliirudia picha ile kwa siku tatu, na dhana nilizokuwa nazo wakati ule bado nazisikia kwa wenzangu.

Dhana: Mpiga picha hodari hahariri.
Kamera yenyewe inahariri. Ukipiga kwa JPEG, faili la kawaida la picha, imeshakuamulia rangi, ukali na kontrasti (tofauti ya mwanga na giza) kabla hujaiona picha. Wala si jambo la juzi. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu mbili (picha-kinyume za kuchapia) katika baadhi ya picha zake za bahari, moja ya anga na moja ya maji. Kemikali za zama hizo ziliathiriwa mno na mwanga wa buluu, hivyo aliyepima mwanga wa bahari alipata anga jeupe tupu.

Dhana: Rangi zikikolea, hisia nayo hukolea.
Hili ndilo kosa aliloliona mzee. Picha yenyewe ni ya mvuvi mmoja aliyeipa kamera mgongo, maji yamekupwa, ngalawa yake imelala mchangani. Nilitaka mtazamaji auhisi upweke wake, lakini buluu niliyoitia ilimmeza. Niliporudi, nilipunguza ukolezi wa buluu na kijani peke yake, na kikoi chake chekundu nikakiacha kama kilivyo. Nikafifisha kingo za picha, kisha nikapandisha mwanga kidogo sana kwenye kidimbwi kilicho mbele ya miguu yake. Jicho hukimbilia penye mwanga na penye tofauti kubwa, kwa hiyo sasa linafika kwa mvuvi kwanza, halafu ndipo linatoka kwenda kwenye ule uwanda mtupu wa maji. Upweke ulikuwa pale pale tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeufunika.

Dhana: Picha ya huzuni lazima iwe na giza.
Hapana. Tazama asubuhi ya manyunyu kule Likoni: kila kitu ni cheupe-kijivu, na bado moyo unazama. Punguza kontrasti, inua weusi kidogo usiwe mweusi kabisa, na uiache picha na mwanga wake.

Dhana: Kelvini zikipanda, picha inakuwa baridi.
Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, na mkanganyiko huu unaeleweka. Mwanga wenye Kelvini nyingi, kama wa kivulini, kweli una ubuluu. Lakini ile namba kwenye programu ya kuhariri inaiambia programu mwanga ulikuwa wa namna gani, nayo inausawazisha kwa kuelekea upande wa pili. Ukiiambia 7000, inatia manjano. Ukiiambia 4500, inatia buluu. Kwa mvuvi wangu nilishuka kidogo tu chini ya 5500, maana nikizidi ngozi yake inageuka rangi ya majivu.

Dhana: Tia rangi ya machungwa, upate machweo baharini.
Nyali na Bamburi zinatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kutua nyuma yako, upande wa bara. Mtu wa Mombasa akiona jua linazama nje ya mwamba wa Nyali anajua papo hapo kwamba picha ina walakini, na hisia inakatika. Ukitaka wekundu juu ya maji yale, amka kabla jua halijachomoza.

Dhana: Lililoharibika litaokolewa kwenye kompyuta.
Vivuli, mara nyingi ndiyo, hasa ukipiga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalihariri. Faili la biti 14 hubeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, ilhali JPEG ina 256. Lakini wingu lililoungua likawa jeupe tupu halina habari yoyote ndani yake, na kulififisha kunaleta kijivu kilichokufa. Jua la kusi linapochungulia ghafla katikati ya mawingu, mimi hushusha mwanga kwa stopu moja, yaani kwa nusu, papo hapo kwenye kamera, mvuvi akaingia kivulini, nikamtoa baadaye nyumbani.