Kusitisha bakapu kwa muda bila kujiletea balaa

Mwisho wa mwezi, sacco nyingi hapa Nairobi hushinda usiku kucha zikikokotoa riba. Diski zinalemewa, na mtu wa hifadhidata anapiga simu: "Bosi, hebu bakapu zako (zile nakala za akiba za data) zipishe leo." Ombi la haki. Swali ni unazipisha vipi.

Usizime huduma nzima ya programu ya bakapu. Ratiba itatulia, ndiyo, lakini umezima pia uwezo wa kurejesha data, usiku uleule ambao watu wanachokonoa seva. Wala usiguse saa zilizo kwenye ratiba, maana kesho hakuna atakayekumbuka zilivyokuwa.

Zima kazi yenyewe, yaani bakapu ile iliyo kwenye ratiba, mipangilio iache. Kila programu ina njia yake. Veeam inakuruhusu kufanya hivyo kwa kubofya tu, ila kagua kazi zilizopangwa kuanza baada ya nyingine: ya kwanza isipoanza, zinazoifuata nazo zinalala. NetBackup ninaipendea jambo moja: sera (kanuni inayosema nini kichukuliwe bakapu na lini) unaweza kuipa tarehe na saa ya kuanza kutumika tena, ukaandika saa kumi na mbili asubuhi, ukaenda zako kulala. Commvault nayo unaweza kuiagiza iwashe shughuli za bakapu yenyewe baada ya muda fulani. Bacula iangalie kwa jicho kali. Kazi uliyoizima kwa amri kwenye konsoli inarudia hali iliyoandikwa kwenye faili ya usanidi pindi Director, sehemu inayoongoza kazi zote, inapowashwa upya. Mwenzako akiiwasha upya saa nane usiku, bakapu hizo zinarudi kazini na wewe huna habari.

(Na saa ya seva je, kabla hujaandika hiyo ya kuwasha? Ikiwa UTC, yaani saa ya kimataifa, iko nyuma ya Nairobi kwa saa 3.)

Kuna bakapu moja nisiyokubali kuisitisha hata meneja akiomba: ya logi za hifadhidata, zile faili zinazoandika kila badiliko la data. Hifadhidata ya SQL Server iliyo kwenye hali kamili ya urejeshaji (full recovery) haiachilii nafasi ndani ya logi mpaka logi hiyo ichukuliwe bakapu, kwa hiyo faili inazidi kuvimba. Ya Oracle ikikosa pa kuweka logi za kumbukumbu (archived logs) inatoa kosa la ORA-00257, na miamala inakwama. Usiku wa riba ndio unaozaa logi kwa wingi, yaani ungekuwa umezima bakapu ili kuusaidia mfumo, kisha mfumo ukasimama kwa sababu hiyohiyo. Sitisha bakapu kamili. Za logi ziendelee kila dakika 15 kama kawaida.

Kuwasha tena, nenda kwa mafungu. Kwenye NetBackup, sera zenye ratiba ya marudio ambazo zamu yake imepita zitataka kuanza zote kwa pamoja dirisha, yaani muda ulioruhusiwa wa bakapu, likiwa wazi. Mimi hutanguliza hifadhidata, halafu seva za mafaili. Za majaribio zitangoja.

Usitishaji ukichukua wiki badala ya usiku mmoja, hesabu ni nyingine. Kwenye NetBackup, kuzima sera hakusimamishi muda wa kuhifadhi nakala zilizopo: nakala iliyowekewa wiki 2 itafutwa wiki 2 zikitimia, hata kama hakuna mpya ya kuirithi. Refusha muda wa nakala kamili ya mwisho kabla hujazima chochote.