Wino haukukatika: dhana potofu kuhusu mesoni za chamu

Kwenye kibanda cha fotokopi pale Wandegeya, mjini Kampala, kijana wa mashine alinipa karatasi yangu huku akiomba radhi. "Mwalimu, wino umekatika hapa katikati. Ngoja nitoe nyingine, hii hulipi." Ni mtu wa Arua, Kiswahili chake kimenyooka, na jicho lake halikumdanganya. Karatasi ilijaa nukta zilizojikusanya katika mikanda miwili: mmoja mfupi umesimama kwenye ukingo wa kushoto, mwingine mrefu umelala chini, na kila mmoja umekatika kiunoni. Ila mashine haikuwa na kosa.

Ule ni mchoro wa Dalitz. Richard Dalitz, mzaliwa wa Australia, aliubuni mwaka 1953 akichunguza kaoni zinazovunjika kuwa pioni tatu. Zote hizo ni mesoni, yaani chembe ndogo za kwaki na antikwaki. Wangu ulihusu mesoni ya chamu, yaani yenye kwaki nzito ya aina hiyo, iitwayo Ds, inapovunjika kuwa kaoni mbili na pioni moja.

Wanafunzi wangu wengi hudhani ni ramani ya mahali chembe zilipoangukia. Sivyo. Kila nukta ni mesoni moja iliyokwisha kuvunjika. Unazichukua kaoni mbili kana kwamba ni chembe moja, unakokotoa tungamo lake na kulipandisha kipeo cha pili: hiyo ndiyo namba ya mhimili wa kwanza. Mhimili wa pili ni hivyohivyo, kwa kaoni hasi na pioni. Mesoni mama haina spini, yaani mzunguko wa asili wa chembe, kwa hiyo namba mbili zinatosha. Nishati na momenta zisizopotea zinakubana kwenye mengine yote.

Wengine huona mesoni kama ganda la maharage: linapasuka, punje tatu zilizokuwamo zinatoka kwa mpigo. Hapo pana makosa mawili. Punje hazikuwamo: kwaki ya chamu hugeuka kwa nguvu dhaifu, ile inayobadili aina ya kwaki, na kaoni na pioni huzaliwa katika mgeuko huo. Wala si lazima zitoke kwa mpigo. Zingetoka hivyo tu, nukta zingetawanyika sawasawa kama mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai. Mikanda inatuambia kuna mpita njia: mara nyingi Ds huwa pioni na chembe ya maisha mafupi iitwayo fi(1020), nayo fi ndiyo inayotoa kaoni mbili. Namba ya kwenye mabano ni tungamo lake kwa MeV, yaani 1.02 GeV. Piga 1.02 kwa 1.02, unapata 1.04, na mkanda uliosimama uko papo hapo. Ule uliolala ni wa K*(892), mpita njia mwingine, anayetoa kaoni hasi na pioni. Ds huishi nusu ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na kwa kasi yake inaweza kusafiri milimita kadhaa kabla ya kuvunjika. Fi haifiki popote. Alama yake ni mkanda tu.

Na kile kiuno? Fi ina spini 1. Kaoni zake hupenda kuruka kwenye mstari wa pioni, mbele au nyuma, na hukwepa ubavuni. Ubavuni ndiyo katikati ya mkanda. Kijana wa Arua aliiona spini kwa macho makavu, akadhani ni wino.

Dhana inayonikera zaidi ni hii: hesabu nukta za kila mkanda, gawanya kwa jumla, umepata asilimia ya kila njia. Nenda Ggaba, ufukweni mwa Ziwa Victoria, utazame boti mbili zikipishana. Mawimbi yao yakikutana, pengine maji yanapanda kuliko wimbi lolote peke yake, pengine yanalala kabisa. Njia za mesoni hujumlishwa vivyo hivyo, wimbi kwa wimbi kwanza, kisha ndipo unapandisha kipeo cha pili. Kwa hiyo asilimia za njia hazilazimiki kufika 100, na kwa nukta moja swali la ilipita njia ipi halina jibu.

Jaribio la E791 la Fermilab, Marekani, lilichambua matukio 15,090 ya D+, mesoni nyingine ya chamu, ikivunjika kuwa kaoni hasi na pioni chanya mbili. Modeli ya awali, yaani orodha ya njia zilizodhaniwa kuwapo, iliipa njia isiyo na mpita njia karibu asilimia 91, na bado K* na wenzake wakataka sehemu zao. Jumla ikapita 100 kwa mbali. Mwaka 2002 wakaingiza chembe pana yenye spini sifuri, kappa. Ile 91 ikaporomoka hadi 13 hivi, kappa ikachukua karibu 48. Data ni zilezile! Tangu hapo, nikiona asilimia bila modeli yake, nafunga karatasi. Kappa yenyewe ilibishaniwa miaka mingi. Leo imeorodheshwa kwa jina la K0*(700).

Kuna pia wanaosema hayo ni michezo ya hesabu. Mwaka 2021 jaribio la LHCb, kule CERN, Ulaya, lilitumia D0, mesoni ya chamu isiyo na chaji, milioni 30.6 zilizovunjika kuwa kaoni na pioni mbili, likapima tofauti ya tungamo kati ya hali mbili za D0: takriban gramu 10⁻³⁸. Mizani ya namna hiyo haiuzwi sokoni Owino.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akaigeuza karatasi juu chini, akauliza nataka nakala ngapi. Arobaini. "Zote zikatike hapa?" Zote.