Mvua, jua na askari wa shambani: kwa nini wadudu hutangulia na maadui zao huchelewa

Kumbikumbi hawahitaji kalenda. Mvua ya kwanza ikishapiga ardhi iliyokauka, jioni yake au alfajiri ya pili wanamwagika kutoka kwenye kichuguu, na watoto wako tayari na mabeseni. Senene nao, watu wa Masaka huwangoja Novemba kwa mabati na taa kali. Mtu yeyote aliyekulia Uganda anajua kwamba mdudu hufuata hali ya hewa. Ajabu ni kwamba ujuzi huo tunauacha nyumbani tunapoingia shambani. Tukiona viwavi kwenye mahindi, swali linakuwa moja tu: dawa gani? Mimi, ambaye kazi yangu ni wadudu, huanza na swali jingine: wiki tatu zilizopita mvua ilikuwaje?

Mdudu hana joto lake mwenyewe. Binadamu, hata kwenye baridi ya Kabale, mwili wake hubaki karibu na nyuzi joto 37. Kiwavi ana joto la jani alilokalia. Jani likipata joto, anakula upesi, anakua upesi, anageuka nondo mapema. Kiwavijeshi vamizi, yule aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016 na kuthibitishwa Uganda mwaka 2017, kwenye joto la nyuzi 28 hivi hutoka yai hadi nondo kwa mwezi mmoja. Pakipoa, muda huo unaweza kufika miezi miwili na kupita. Kwa hiyo mahindi ya Tororo, kwenye joto, yanaweza kulishwa vizazi vitatu vya mdudu huyo kabla ya mavuno, na ya kule milimani yakalishwa vichache zaidi.

Maadui zake wanabanwa na sheria hiyo hiyo ya joto, na juu yake wana tatizo la pili: hawawezi kuja kabla ya chakula chao. Kibibi, yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, hatagi mahali pasipo na vidukari. Nyigu anayeua viwavi hana pa kutaga pasipo kiwavi. Basi siku zote mwizi hutangulia na askari huja nyuma yake. Hali ya hewa ndiyo inayoamua askari atachelewa siku tano au wiki nne, na humo ndimo mavuno yanamookolewa au kupotea.

Ukame mrefu ndio unaowachelewesha zaidi. Majani yakikauka, viwavi hutoweka, na nyigu, vibibi na buibui waliowategemea hufa au kuhama. Kisha mvua inarudi kwa kishindo. Nyasi changa zinachipua, laini na tamu, shamba halina askari hata mmoja. Kiwavijeshi wetu wa asili wa Afrika, ambaye ni tofauti na yule vamizi, anaijua sana nafasi hiyo. Nondo wake husafiri usiku kwa upepo, na dhoruba za mvua huwakusanya na kuwashusha mahali pamoja. Baada ya siku chache unaona malisho yanatembea kwa viwavi weusi. Wakiwa wachache huwa na rangi ya kijani na mtu hawaoni; wakisongamana ndipo hugeuka weusi. Maradhi ya virusi yanayowaua, ambapo kiwavi hulegea na kuning'inia kichwa chini kwenye jani, mara nyingi huja mlipuko ukiwa umeshafika mbali. Askari yuleyule, kuchelewa kulekule.

Nzige wa jangwani walitufundisha jambo hilo kwa ukubwa zaidi. Vimbunga viwili vya mwaka 2018 vilimwaga mvua kwenye jangwa la Rasi ya Arabuni, mahali pasipo na mtu wa kuwaona wala adui wa kutosha wa kuwapunguza. Vizazi vikafuatana. Februari 2020 makundi yakaingia Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kupitia Amudat, na wanajeshi wakapewa mabomba ya kupulizia badala ya bunduki. Ndege hula nzige, lakini tumbo la ndege lina mwisho.

Turudi kwenye mahindi, maana huko ndiko wengi wetu tunakoumia.

Msimu mmoja nilikuwa Busia, upande wetu wa mpaka, kwa mama mmoja mwenye nusu eka. Mahindi yalikuwa yamefika gotini. Mvua ilikuwa imechelewa, ikanyesha siku nne, kisha ikakata karibu wiki mbili, jua likawa kali. "Daktari," akaniambia, "nimepuliza mara mbili. Hawa wadudu wamezoea dawa." Nikamwomba tuchutame kwanza. Tukafunua moyo wa mhindi mmoja. Majani ya ndani yalikuwa na madirisha, yaani nyama ya jani imekwanguliwa ikabaki ngozi nyembamba kama nailoni, na katikati kinyesi kibichi kama unga wa mbao uliolowa. Chini yake kiwavi mmoja, mkubwa, mwenye alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne karibu na mkia. Mmoja tu, kwa sababu wakikua hulana wenyewe kwa wenyewe. Kinyesi chake kilikuwa kizibo. Dawa iliyopulizwa juu haikumfikia.

Tukasogea hadi ukingoni, kwenye majani ya tembo, ambako bomba lake lilikuwa limeishiwa dawa. Huko tukakuta kitu kingine: vifukofuko vyeupe, kila kimoja kama nusu ya punje ya mchele, vimebandikwa kwenye majani, na pembeni ya kimojawapo kiwavi mdogo aliyenyauka.

"Hayo ndiyo mayai yao, nimekuwa nikiyaponda," akasema.

"Hapana, mama. Humo mna nyigu, na ndiye aliyemuua kiwavi huyu."

Nyigu huyo, wa jamii ya Cotesia, ni mdogo kuliko sisimizi wengi. Humdunga kiwavi akiwa bado mchanga, hutaga ndani yake, na mtoto wa nyigu humla kutoka ndani mpaka atoke na kujisokotea kile kifukofuko. Wapo nyigu wengine wadogo zaidi ambao hutaga ndani ya mayai ya nondo, hata kiwavi asianguliwe kamwe. Mayai ya nondo wenyewe ni tofauti: hukaa kwa fungu, mengi kwa pamoja, mara nyingi yakiwa yamefunikwa manyoya laini ya mama yao.

Sasa uangalie mpangilio wa siku. Jua la wiki mbili lilikuwa limeharakisha viwavi. Nyigu ndio kwanza walikuwa wanafika. Mama alipuliza dawa inayoua kila kilicho na miguu sita, tena saa sita mchana, wakati nyigu wako juu ya majani wakitafuta na kiwavi amelala ndani ya moyo wa mhindi. Waliokufa ni wale waliokuwa nje. Dawa ilifanya kazi vizuri sana, ila kwa askari.

Mvua nayo ina sura zaidi ya moja. Mvua kubwa ya radi huwaangusha vidukari kwenye kunde na karanga, huwazamisha viwavi wachanga ndani ya moyo wa mhindi, huwapeperusha nzi weupe. Ni dawa isiyouzwa dukani. Manyunyu na mawingu ya siku kadhaa mfululizo yana kazi tofauti: hewa ikiwa na unyevu, kuvu wanaoshambulia wadudu huamka. Utamkuta kiwavi ameshikilia jani, mkavu, mgumu kama kipande cha chaki, mweupe na baadaye kijani. Usimtupe. Kutoka kwenye mwili wake vumbi la kuvu litawafikia wengine. Kuvu hao hawapendi jua kali, na ndiyo sababu dawa zilizotengenezwa kwa kuvu hupulizwa jioni. Ukizipuliza saa saba mchana umemwaga pesa.

Lakini mvua isiyokoma nayo inawazuia nyigu kuruka na kutafuta. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaosema mvua ni rafiki na jua ni adui. Hatari kubwa, kwa ninavyoona mashambani, ni mvua ya kuja na kukata: inatosha kuchipusha chakula cha mdudu, haitoshi kumwosha.

Muhogo unaonyesha jambo hili kwa njia nyingine. Utitiri wa kijani, ambaye si mdudu hasa kwa kuwa ana miguu minane kama buibui, alionekana Afrika kwa mara ya kwanza hapa Uganda mwaka 1971, akiwa ametoka Amerika Kusini bila maadui zake. Kiangazi ndicho kilele chake. Majani ya juu yanakuwa na vidoadoa vya njano na kudumaa. Wataalamu walimfuata adui yake hadi Brazili, utitiri mwingine ambaye mchana hujificha kwenye ncha ya shina na usiku hushuka kwenye majani kuwinda. Ncha hiyo ndiyo nyumba yake wakati wa ukame. Aina za muhogo zenye vinyweleo kwenye ncha humhifadhi vizuri kuliko zile laini. Hilo ni jambo la kuuliza unapochukua vijiti vya mbegu, ingawa wengi huuliza tu kama muhogo ni mtamu.

Kwa kahawa nitasema kidogo. Mdudu anayetoboa buni hakui vizuri joto likiwa chini ya nyuzi 15 hivi, na baridi ya miteremko ya Elgon ililinda arabika kwa miaka mingi. Joto likipanda, na yeye anapanda mlima. Miti ya kivuli hupunguza joto ndani ya shamba, na majimoto na chungu wengine, ambao nao ni askari, hupata njia ya kutembea.

Utabiri wa msimu unaotolewa na wataalamu wa hali ya hewa usiusikilize kwa ajili ya siku ya kupanda peke yake. Ukisikia mvua itaanza kisha kutakuwa na ukavu katikati, jua kwamba wiki hiyo kavu ndiyo ya kuingia shambani mara mbili. Tembea kwa kupinda, simama mahali patano, kila mahali kagua mimea kumi, uhesabu yenye dalili mpya. Mahindi yakiwa machanga, kama mimea iliyoshambuliwa haijafika 20 kati ya 100, bomba libaki ghalani. Ikizidi, puliza jioni, elekeza kwenye moyo wa mhindi, na uache mistari ya ukingoni. Majani na maua ya ukingoni yasifyekwe yote: nyigu aliyekomaa hali viwavi, anakunywa maji matamu ya maua, na akikosa huondoka.

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: mvua kubwa imenyesha usiku, nipulize asubuhi kabla jua halijakausha? Hapana. Ngoja siku mbili. Kisha funua mioyo ya mahindi, uone wangapi wamezama na wangapi bado wanakula.